Chapel imekufilisi kwa sababu unachoma karata sio

"Shikamoo kaka. Sisi tuko wanne hapa Makorora, tunacheza Dominion, ule mchezo wa karata, kila Jumapili jioni. Kila ninakopita nasikia Chapel ndo karata kali kuliko zote za bei ndogo, basi nikaanza kuinunua mwanzoni kwa kila gemu. Kinachonikuta ni kwamba nachoma karata vizuri tu lakini nabaki sina hela, zamu inafika nina hela tatu, mara nne, naishia kununua vitu ambavyo havina msaada, na jamaa yangu mmoja ambaye hanunui kitu zaidi ya fedha na dhahabu ananifunga kila wiki. Wiki iliyopita kamaliza na Province 5, mi 2. Roho inaniuma kuchoma Estate maana zile ni pointi, kwa hiyo nachoma shaba kwanza. Nikajaribu pia kununua Chapel mbili ili nimalize kuchoma haraka, ndo ikawa mbaya kabisa. Na kuna gemu nilichoma hadi nikabaki na karata kama tano hivi nikakwama hapohapo. Je, Chapel inasifiwa bure au mi ndo naikosea? Na kama naikosea, nichome nini, lini, na niache lini?"

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kueleza kwa kirefu hivi, maana mtu akiniuliza tu "Chapel inatumikaje" nashindwa hata pa kuanzia, ila we umenipa kila kitu na jibu umeliandika humohumo bila kujua. Haisifiwi bure. Na kuinunua mwanzoni hujakosea hata kidogo. Kosa lako kubwa umelitaja kama kitu cha kawaida tu, kwamba unachoma shaba kwanza unabakiza Estate kwa sababu ni pointi. Hapo ndo hela yako yote ilipopotelea, hayo mengine ya Chapel mbili na kukwama na karata tano ni matokeo yake.

Nianze kidogo kwa ajili ya anayesoma na hajaugusa huu mchezo. Dominion ulitungwa na Donald X. Vaccarino, ukatoka 2008, na mwaka uliofuata ukachukua tuzo ya Spiel des Jahres ya Ujerumani, ile tuzo kubwa ya michezo ya mezani. Kila mtu anaanza na pakiti yake ndogo ya karata 10, Copper 7 na Estate 3. Unashika 5, una aksheni moja (yaani unacheza karata moja ya kazi, kama Chapel) na manunuzi mamoja kwa zamu, ukimaliza unatupa zote ulizoshika na ulizocheza kwenye rundo lako la kutupia, unaokota 5 nyingine, na rundo la kuokotea likiisha unachanga lile la kutupia linakuwa jipya. Kwa hiyo chochote unachonunua kitakurudia mkononi tena na tena mpaka mchezo uishe. Sisi barazani Copper tunaiita shaba, Silver fedha, Gold dhahabu, nitaandika hivyohivyo, na nikisema hela namaanisha thamani yenyewe: shaba ni 1, fedha 2, dhahabu 3. Estate ina pointi 1, Duchy 3, Province 6, na hizo tatu ukizishika katikati ya mchezo hazinunui kitu. Chapel inauzwa hela 2, na inachosema ni mstari mmoja tu, choma hadi karata 4 kutoka mkononi mwako.

Kuchoma sio kutupa. Nalisisitiza hili kwa sababu nshakaa na watu wanaocheza miezi kadhaa wanachanganya haya mawili. Karata uliyotupa itarudi ukichanga. Karata uliyochoma imetoka kwenye pakiti yako moja kwa moja, hutaiona tena gemu nzima.

Sasa kwa nini roho inauma. Sisi tumelelewa kwenye wahedi wasitini, unakula karata, unazirundika mbele yako, mwisho mnahesabu na aliyefika 61 kashinda, yaani kila karata uliyoibeba ni mali, hakuna mtu mwenye akili anayeitoa karata yake mwenyewe nje ya mchezo. Ukija na kichwa hicho kwenye Dominion utaona Chapel ni wizi unaojiibia. Ila huku karata uliyonayo inakula nafasi. Mkono una nafasi tano tu kwa zamu. Estate ikikaa kwenye nafasi moja, hiyo nafasi ungekaa na dhahabu. Kwa hiyo usijiulize nina karata ngapi nzuri, jiulize nikishika tano bila kuangalia, kwa wastani nitapata hela ngapi?

Chukua kalamu tupige hesabu pamoja, ni hesabu za darasa la tano tu. Pakiti ya mwanzo ina hela 7 kwenye karata 10, kwa hiyo mkono wa karata tano unakupa wastani wa 3.5. Sasa tuseme umefungua kama kawaida, umenunua Chapel na fedha moja. Una karata 12. Chapel inakujia, unafanya unavyofanya wewe, unachoma shaba 4 unalinda Estate zako. Umebaki na nini? Shaba 3, Estate 3, Chapel, fedha. Karata 8, hela 5. Gawa kwa nane zidisha kwa tano, inakuja 3.1.

Umeona? Umetumia zamu nzima kuifanya pakiti yako iwe mbovu kuliko ile uliyopewa bure mwanzoni. Halafu jamaa yako wa fedha na dhahabu yeye kafungua na fedha mbili, ana karata 12 zenye hela 11, wastani wake ni karibu 4.6. Hakufungi kwa ujanja, anakufunga kwa sababu ana hela moja na nusu zaidi yako kila zamu inayopita.

Rudi nyuma ufanye kinyume. Chapel ileile, fedha ileile, ila umechoma Estate 3 na shaba 1. Umebaki na shaba 6, Chapel, fedha. Karata ni 8 zilezile, ila hela sasa ni 8. Wastani wa mkono ni 5. Kuchoma kulekule, karata nne kwa nne, tofauti ya karibu hela mbili kila zamu, na hela 5 kwenye huu mchezo ndo mlango wa karata nzuri zote, Laboratory, Market, Festival, Witch, zote bei yake ni 5.

Na hao Estate unaowaonea huruma, watatu kwa pamoja ni pointi 3. Ni nusu ya Province moja. Ukinunua Duchy moja tu mwishoni umezirudisha zote tatu kwenye karata moja. Mi sioni sababu ya kubeba mawe matatu mgongoni kuanzia asubuhi ili jioni uyauze kwa bei ya nusu Province.

Basi mpangilio ni huu, kama meza haina kitu cha ajabu: Estate zinatangulia, zote, halafu shaba zinafuata kidogokidogo kadri fedha na dhahabu zinavyoingia kuchukua nafasi yake. Kama umepewa Curse na mtu, yaani karata ya pointi hasi, basi hiyo inapita mbele ya wote.

Hapo kwenye kidogokidogo ndo pana utamu na ndo ulipokwama na karata tano zako. Nenda siku moja pale Deep Sea asubuhi uwaangalie wavuvi, ngalawa ikiingia maji mtu anayafua maana isipofuliwa inakuwa nzito haiendi, ila hata uyafue mpaka chombo kikauke kabisa, ngalawa haiendi kwa kufua maji, inaenda kwa tanga. Lazima mtu apandishe tanga. Chapel ni kufua maji. Haijawahi kumnunulia mtu Province. Kinachonunua ni kile ulichokiingiza wakati unachoma, na wewe ulichoma bila kuingiza kitu, ukabaki na chombo kikavu kimetulia palepale.

Kwa hiyo kila ukishika Chapel jiulize swali moja kabla hujachoma, hela iliyobaki mkononi itaninunulia nini? Mfano umeshika Chapel, Estate 2, shaba 2. Hela 2 zinakununulia nini cha maana? Karibu hakuna. Basi choma zote nne, usinunue kitu, maliza zamu na usione aibu wenzako wakikuangalia. Zamu hiyo iliyoonekana ya bure ndo imekusogeza kuliko yoyote. Mfano wa pili, umeshika Chapel, fedha, shaba 1, Estate 2. Hapo una hela 3 kamili. Mi nachoma Estate zote mbili, shaba naiacha, nanunua fedha ya pili. Ukiichoma ile shaba unabaki na 2 ambazo hazinunui kitu, umepoteza fedha nzima kwa ajili ya kuiondoa shaba moja ambayo ungeichoma kesho.

Mkono mgumu ni ule wa Chapel na shaba 4, na kwa unavyocheza nina hakika umekupata mara nyingi. Estate zote ziko kwingine. Ukichoma nne zote unaangukia kwenye ile 3.1 tuliyoihesabu, na hapa kusema kweli kuna watu wanachoma zote nne wakijua kwamba Estate zitakuja mzunguko ujao, wanakubali kuumia sasa wapate wembamba baadaye. Mi kama nina fedha moja tu nachoma shaba 1, natumia 3 zilizobaki kununua fedha. Kama tayari nina fedha mbili au karata ya 5 imeshaingia, nachoma zote bila kufikiria mara mbili. Jaribu njia zote mbili uone ipi inakukaa.

Kuhusu muda, Chapel inunue kwenye zamu mbili za kwanza au usinunue kabisa. Ukiinunua hapo unakuwa na karata 12, na zamu ya tatu na ya nne kwa pamoja utaziona 10 kati ya hizo, yaani mara tano katika sita Chapel itakuwa mkononi mwako kabla ya zamu ya tano. Ikikwepa ikawa kwenye zile mbili za chini, basi zamu ya tano unaishika tu. Ukichelewa kuinunua hadi pakiti imenenepa, inakujia mara moja moja, inachoma nne kati ya ishirini, unakuwa unafagia ufukweni.

Na ukipata bahati ya mgawanyo wa 5 na 2, inatokea mara moja katika sita, usiwaze, 5 nunua karata nzuri ya mezani, 2 nunua Chapel. Sijui mwanzo mtamu kuliko huo kwenye meza nyingi.

Chapel mbili sasa. Naelewa mantiki yako, moja inachoma nne basi mbili zitachoma nane. Lakini una aksheni moja tu kwa zamu. Zikikujia pamoja unacheza moja, ya pili imekaa mkononi kama Estate tu. Zikikujia kwenye zamu tofauti, sawa zinachoma, lakini unakuwa na zamu mbili mfululizo ambazo hununui kitu, na kazi ikiisha unabaki na pakiti ya karata saba ambayo mbili ni Chapel zisizo na kazi. Afu kumbuka Chapel haiwezi kujichoma yenyewe, ukishaicheza iko mezani, haipo mkononi. Kwa hiyo moja inatosha. Karata za kuchoma mwanzoni ni kama kumi tu, Chapel moja ikizunguka mara tatu imezimaliza.

Uache lini? Mi naacha nikishamaliza Estate na nimebaki na shaba mbili au moja. Kuanzia hapo Chapel ni karata mfu, unaivumilia, na hiyo ndo gharama yake na tunailipa wote. Na Province zikishaanza kuisha mezani usichome tena kitu chenye pointi.

Tuendelee na ile hesabu maana inafika pazuri. Tuseme umechoma mpaka una shaba 2, Chapel, fedha 2, dhahabu 2. Karata 7, hela 12, wastani wa mkono 8.6. Unafika bei ya Province, ambayo ni 8, na una dhahabu mbili tu. Jamaa yako ambaye hachomi, ukimhesabia na karata zake kumi za mwanzo, anahitaji dhahabu 7 ndo wastani wake uvuke 8. Dhahabu moja ni hela 6. Fikiria kazi aliyonayo mwenzio, na fikiria kwamba wewe karata zako 7 unaziona karibu zote kila zamu wakati yeye mwenye 17 dhahabu yake akiinunua leo anakuja kuishika baada ya zamu tatu au nne.

Lakini hapa nikutahadharishe kwa sababu ndipo watu wengi wa Chapel wanapoanguka wakiwa wameshashinda. Pakiti nyembamba inakabwa haraka. Ukiwa na zile karata 7 ukanunua Province moja, imeingia karata ya nane isiyo na hela, wastani umeshuka mpaka 7.5, chini ya bei. Umenunua moja umekwama. Yeye wa karata 17 akinunua Province anashuka kutoka 8.2 kwenda 7.8, hata haisikii sana. Kwa hiyo usiikimbilie Province ya kwanza siku hela 8 zinapokuja kwa mara ya kwanza. Ingiza dhahabu ya tatu kwanza, utakuwa na karata 8 hela 15, halafu hata ukibeba Province bado una wastani wa 8.3. Naamini hii ndo sababu ya zile Province 2 zako, ulifika ukaanza kununua mapema ukajikaba mwenyewe.

Bora zaidi ya dhahabu ya tatu, kama meza inayo, ni Laboratory. Inaokota karata 2 na kurudisha aksheni uliyoitumia, kwa hiyo unaicheza na bado unaweza kucheza nyingine. Weka Laboratory 3 kwenye pakiti ya karata 8, pamoja na dhahabu 2, fedha 1, shaba 1 na hiyo Chapel yako, utashika pakiti nzima karibu kila zamu, hela 9 mezani kila zamu. Nimewahi kukaa na kijana mmoja hapa Ngamiani nikamwekea karata hizo nane chini, nikamwambia changa, okota tano, cheza. Akacheza, zikaja zote. Changa tena, zikaja zote. Mara ya nne akaniangalia kimya, akachukua Laboratory zilezile tatu akazitia kwenye pakiti yake ya karata ishirini na mbili akajaribu, akaokota moja tu na shaba kibao. Hakuniuliza tena Chapel inafanya nini. Nakushauri ufanye hivyohivyo nyumbani, kwa mikono yako, kabla ya Jumapili.

Sasa meza zenyewe, maana kila gemu mnatoa mafungu kumi tofauti na Chapel haifanani kote. Witch ikiwepo, Chapel ni dawa yake. Witch inaokota 2 na kumpa kila mwingine Curse, pointi hasi 1 na inakaa mkononi bure, na mkiwa wanne kuna Curse 30 kwenye fungu, kwa hiyo asiye na cha kuchomea atazama. Militia ikiwepo, uwe mwangalifu, inakulazimisha ubaki na karata 3 mkononi, na ukiwa na Chapel kati ya hizo tatu unaweza kuchoma mbili tu. Bado naichukua Chapel ila najua itakwenda polepole. Na Gardens ikiwepo pamoja na Workshop, hapo jamani acha Chapel kwanza ufikirie. Gardens inatoa pointi 1 kwa kila karata 10 ulizonazo, Workshop inachukua bure karata ya bei hadi 4, mtu anajaza pakiti kwa makusudi huku anamaliza mafungu, na mafungu matatu yakiisha mchezo umeisha hata kama Province ziko. Wewe mwembamba unaweza kukuta mchezo umefungwa wakati ndo unajipanga.

Jambo jingine, mko wanne. Mkiwa wawili mna Province 8, kila mmoja 4. Mkiwa wanne ziko 12, kila mmoja 3. Yaani nyie mna muda mfupi zaidi kila mtu, na Chapel inataka muda, unapoteza zamu za mwanzo ili uzirudishe baadaye. Kwenye meza butu, yaani mafungu kumi ambayo hakuna cha maana cha bei ya 5 wala cha kuokotea karata, huyo jamaa yako wa fedha na dhahabu anaweza kukufunga hata ukicheza bila kosa, na hapo Chapel unabeba faida ndogo tu. Simwoni kama mchezaji mbaya. Anacheza kitu rahisi bila kukosea, na kitu rahisi kisichokosewa kinawashinda wengi wanaojaribu kigumu nusunusu. Ukitaka kumpita, angalia meza kwanza, kama kuna Laboratory, Market, au Village (inaongeza aksheni) na Smithy (inaokota karata) pamoja, ingia na Chapel kwa nguvu zote.

Na kuna kitu cha karata zenyewe nataka ukiangalie, hakimo kwenye swali lako ila tunaoishi pwani kinatuhusu. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, hasa masika, karata zinavuta maji zinanata. Mwaka fulani nilikuwa nalalamika kwamba shaba zinanijia kwa mafungu, nne nne, tano tano, nikawaza nina mkosi. Siku moja nikazitandaza juani kidogo nikaanza kuziachanisha moja moja, nikakuta zimegandana jozi jozi, nilikuwa nachanga vibonge. Kwa pakiti ya karata 8 au 10 hii inaumiza kweli kwa sababu vibonge viwili tu ndo pakiti nzima. Zivishe vile vifuko vya plastiki, na changa zaidi ya unavyodhani inatosha, ukizitawanya mezani na kuzikusanya.

Ukifanya haya, Estate mbele, fedha inaingia wakati unachoma, Chapel moja, dhahabu ya tatu au Laboratory kabla ya Province, ukacheza kama gemu tano au sita na bado unakwama kwenye hela nne, basi kuna kitu siwezi kukiona kwa maandishi. Inaweza kuwa sheria mnaisoma vibaya, nimeona meza ambapo watu wanabakiza karata mkononi badala ya kutupa zote mwisho wa zamu, na hilo peke yake linaua Chapel nzima maana hauzunguki. Inaweza kuwa ni kununua, unaona hela 4 unahisi lazima zitumike. Hayo yanataka mtu akae nyuma yako akuangalie. Tafuta mwenye uzoefu mcheze karata wazi, wote mnaonyeshana mikono, na kila unapotaka kuchoma useme kwa sauti kwa nini. Hata yule jamaa yako anayekufunga anafaa, mwombe, mara nyingi watu wa hivyo wanafurahi kuulizwa. Sisi Jumamosi jioni tunakaa barazani barabara ya 14, meza haina kiingilio. Ukija, njoo na daftari la zamu zako nane za kwanza za Jumapili, ulishika nini, ulichoma nini, ulinunua nini, tutaanzia hapo.